Boneti Si Gauni

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada, na nikwambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba, mimi ndiye ninayeombwa, watu wanapanga foleni mlangoni kwa karakana yangu na funguo za magari mkononi, lakini safari hii maji yamenifika shingoni na mfa maji haachi kutapatapa, ndiyo maana nimekaa juu ya kopo la rezini nakuandikia wewe, ambaye mke wangu anakusoma kila wiki na mimi kila wiki nilikuwa namcheka anavyokusoma.

Kazi yangu ni kubuni na kutengeneza boneti za magari ya spoti. Zinazotoka kiwandani ni za chuma na kila mtu anayo, sasa mtu aliyenunua gari la kujidai hataki boneti ya kila mtu, anakuja kwangu namtengenezea yake kwa faiba, yaani mikeka ya nyuzi za kioo tunayoilaza tabaka juu ya tabaka na kuilowesha rezini mpaka inaganda, na ikikauka ni ngumu kama chuma lakini nyepesi kiasi kwamba naiinua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Bila kujisifu, ingawa najua nitajisifu, siku klabu ya magari ya spoti inapokutana, ukisimama kwenye maegesho yao ukahesabu boneti kumi zinazogeuza shingo za watu, saba zimetoka mikononi mwangu, na hizo tatu nyingine ni za watu walioniiga.

Wanachoiga ni mkunjo. Ni mabonde mawili marefu juu ya boneti, moja kulia na moja kushoto, yanaanzia karibu na kioo cha mbele yakiwa mapana kama kiganja, yanashuka kuelekea puani mwa gari yakizidi kuwa membamba, mpaka yanapotelea ukingoni huwezi kuonyesha kwa kidole yameishia wapi. Jua likipiga pale, gari lililosimama utadhani linakwenda. Mkunjo umenipa wateja, umenipa heshima, na umenipa jina, maana siku hizi hata wauza vipuri hawaniiti tena fundi, wananiita Mzee wa Mkunjo.

Sasa nakuambia wewe kitu ambacho sijamwambia mtu. Mkunjo sikuubuni mimi. Ni ajali ya kiwiko cha mke wangu.

Mama watoto nilimwoa akiwa fundi cherehani, na alipoanza kunisaidia karakana miaka minane iliyopita niligundua kwamba mikeka ya faiba anaikata kama kitambaa, hapotezi kipande, na akishika rola ya kulowesha rezini haachi kiputo hata kimoja cha hewa, jambo ambalo mimi mwenyewe na uzoefu wangu wote siliwezi. Tukagawana kazi. Ubunifu wangu, ulazaji wake, na mipaka ikiheshimiwa hata ndoa inadumu. Mpaka miaka mitatu iliyopita boneti zangu zilikuwa bapa, nzuri, lakini zilikuwa na ugonjwa mmoja ambao wateja walikuwa wanaufichaficha kwa kunionea aibu, gari likishika kasi boneti ilikuwa inatetemeka, na boneti ikitetemeka sana inaweza siku moja kung'oa komeo lake ikafunuka ikamfunika dereva kioo chote akiwa barabarani. Siku moja tulikwenda kujaribu gari la mteja, yeye mteja anaendesha, mimi mbele, mke wangu nyuma, boneti ikaanza, mke wangu akasema inapepea kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Halafu njia nzima ya kurudi akawa anatueleza kwamba kitambaa kipana kisicho na mkunjo hakina uti wa mgongo, kwamba hata sketi ukitaka isimame unaikunja, na kwamba nikiweka mikunjo miwili kutoka juu kwenda chini boneti itajishika yenyewe. Nikamwambia, "Mama, boneti si gauni." Mteja alicheka mpaka akapunguza mwendo. Ule mzaha ukawa maarufu karakana, mtu akikosea chochote anaambiwa boneti si gauni, na mke wangu naye alikuwa anatabasamu. Mimi nikaamua kuongeza tabaka la tatu la faiba, boneti ikawa nzito, na ikaendelea kutetemeka vilevile.

Mwezi haujaisha likaja gari jingine. Nikaanza mfano, na mfano ndilo umbo lenyewe la kwanza, nauchonga kwa sponji ngumu na kuupaka puti juu, nene na laini kama unga uliokandwa, ukikauka naupiga msasa, naupaka nta, tunalaza faiba juu yake tunapata kalibu, na humo ndani ya kalibu ndimo zinamotoka boneti zote. Nilikuwa nimebakiza tabaka la mwisho la puti nikagundua nta imekwisha, nikamwomba mama watoto alikoroge hilo tabaka alipake tu, asawazishe, asifanye kingine, nikaondoka. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa nikaenda la pili, nikarudi baada ya saa nzima, nikamkuta amesimama pembeni ya mfano, puti imemganda kutoka viwikoni hadi kwenye vidole, na juu ya kazi yangu kuna mabonde mawili. Nikamuuliza nini hiki. Akasema, "Nimeteleza, nikaegemea." Nikamuuliza umeegemeaje pande zote mbili, akasema alipoteleza kulia akajishikilia kushoto. Sakafu kweli ilikuwa na maji, maana huwa tunamwagia kutuliza vumbi, na hata chaki yake ya kukatia nguo ilikuwa imedondoka pale chini imebaki kipande, basi nikaamini. Nilifoka sana siku ile, sitaficha. Lakini puti ilikuwa imeshakauka jiwe, mwenye gari anakuja kesho yake, hakuna muda wa kubomoa na kuanza upya. Nikapiga msasa hivyohivyo, nikapaka nta, tukatoa kalibu, na kalibu haijui kufunika aibu ya mtu, kila kilichokuwa kwenye mfano inakibeba na kila boneti itakayotoka humo itakuwa nacho.

Tulipoifunga ile boneti garini ikatulia. Kasi yoyote unayoitaka, kimya. Mwenye gari akasema hajawahi kuona kitu kizuri vile, wenzake wakaja, na wenzao wakaja. Nikachukua vipimo vya yale mabonde ili nijue ajali imenipa nini, na tofauti kati ya la kulia na la kushoto, amini usiamini, ni ndogo kuliko unene wa ukucha wangu, nikasema hii sasa ndiyo bahati ya mtende. Ile kalibu nikaitundika ukutani mahali pake, na nyuma nikaandika kwa kalamu ya wino mzito ili isichanganywe na nyingine: KOSA LA MAMA. Miaka mitatu sasa ndilo jina lake. Asubuhi nasema leo tunatoa kosa mbili, yeye anaishusha, anailaza faiba, anatoa. Tumecheka sana na hilo jina. Angalau mimi nimecheka.

Sasa balaa. Mwezi uliopita klabu ilinialika ukumbini kunipa ngao ya ubunifu, nikaenda na mke wangu, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, amekaa safu ya tatu. Mwenyekiti akanipa kipaza sauti akaniuliza mbele ya watu wote mkunjo niliupata wapi. Mshauri, ungekuwa wewe ungesema ni kiwiko? Nikasema ulinijia nikiwa naoga. Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akatangaza papo hapo kwamba klabu inataka boneti mpya kwa magari yao thelathini, mkunjo wa pili, utakaobuniwa na Mzee wa Mkunjo mwenyewe, na kwamba mwisho wa mwezi huu nitausimamisha mfano wake katika ukumbi uleule. Tulipofika mlangoni nyumbani mke wangu akawa anatafuta ufunguo kwenye pochi, akasema bila kunitazama, "Basi chora wa pili."

Tangu siku hiyo hajakanyaga karakana. Ameitoa cherehani yake stoo, ameiweka dirishani, anashona. Hana hasira, na hilo ndilo linanitisha, ananisalimia vizuri, tunakula pamoja, ananiuliza habari za kazi kama unavyomuuliza jirani hali ya mgonjwa wake. Shemeji yangu, kaka yake, amekuja kushika rola badala yake, ni mtu mwema lakini boneti zake zina viputo kama maji ya sabuni, nimeshatupa mbili.

Na mimi siwezi kuchora. Nimejaza karatasi arobaini na zote ni bapa. Ndipo nikafanya jambo ambalo nakuomba usilisome kwa sauti. Nilipaka puti mbichi kwenye mfano, nikamwambia shemeji amwage maji sakafuni, nikateleza makusudi. Mara ya kwanza nikapata shimo la duara kama mahali alipolala mbuzi. Mara ya pili nikateleza kulia nikajishikilia kushoto, nikapata mashimo mawili, moja kubwa moja dogo, na bega likauma siku nne. Mara ya tatu nikamwambia shemeji aegemee yeye, labda kipaji kiko katika ukoo wao, na kwa uzito wake tukapoteza mfano mzima.

Zimebaki wiki tatu. Naomba uniambie, nisimame mbele ya klabu nikiri kwamba umaarufu wangu wote ni ajali, nivuliwe jina mchana kweupe, au nimwombe mke wangu aje aegemee tena? Na kama ni kumwomba, namwombaje bila kumvimbisha kichwa kwa jambo alilolifanya bila kujua? Karakana naweza kuianza upya, mikono ninayo. Yeye asiporudi pale ndani sijui nitakuwa namwonyesha nani kazi yangu.

Wako,
Mzee wa Mkunjo (kwa sasa)

*

Mzee wa Mkunjo kwa sasa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai, ya pili sikucheka.

Nianze na lako zuri, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na wewe hata mnyonge huwezi kujifanya. Kazi unaijua. Mtu hakai miaka kumi na tisa mlangoni pake pana foleni kwa bahati tu. Na umeniandikia habari ya kuteleza makusudi ukijua nitaisoma, hapo umeonyesha ujasiri kuliko wengi wanaoniandikia wakijificha nyuma ya "rafiki yangu mmoja". Mstari wako wa mwisho kabla ya sahihi ndio ulionifanya nikujibu wewe kwanza wiki hii na kuwaacha wengine wasubiri.

Sasa tuje kwenye macho yako. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nitakuambia.

Baada ya kuisoma barua yako nilikwenda jikoni, nikakanda unga wa mkate, nikautandaza mezani, nikauegemea kwa kiwiko. Nilipata shimo la duara. Nikateleza kama ulivyoteleza wewe, kwa tahadhari, maana umri wangu na bega langu havielewani, nikapata shimo jingine la duara. Wewe ulipata mashimo ya duara. Shemeji yako, Mungu amsaidie, alipata shimo lililokwenda mpaka chini. Hivi, fundi, katika viwiko vyote hivi ni kipi kimeanza na upana wa kiganja, kikashuka kikikonda taratibu kwa urefu wa boneti nzima, kikapotelea ukingoni pasipoonekana? Halafu kikahamia upande wa pili kikarudia vilevile, tofauti isifike unene wa ukucha? Mtu akiteleza hatelezi kwa vipimo.

Na ile chaki ya kukatia nguo uliyoikuta sakafuni imebaki kipande haikudondoka, baba. Ilikuwa kazini, imechora mistari miwili ambayo wewe mwenyewe uliipiga msasa ukaifuta bila kuitazama.

Mke wako hakuteleza. Alibuni. Alipewa saa moja na puti inayokauka upesi, akafanya kwa mikono mitupu kile ulichoshindwa kukifanya kwa matabaka matatu ya faiba. Usiniulize nina hakika gani. Hakika umenipa wewe, umeiandika yote kwa mkono wako, hukuisoma tu.

Utauliza kwa nini basi akasema ameegemea. Kwa sababu alikwisha kukuambia kwa mdomo. Alikuambia ndani ya gari, akakueleza na sababu, uti wa mgongo wa kitambaa na sketi na kila kitu, na wewe ukamjibu kwa mzaha mbele ya mteja, na ule mzaha ukaugeuza wimbo wa karakana. Yeye alikuwa ameona ile boneti inavyotetemeka. Alijua siku moja itamfunika mtu kioo akiwa kwenye kasi. Akaona maneno yake hayaingii kwako, akayaweka kwenye puti, kisha akajitwisha kosa ili wewe usione haya ya kufundishwa kazi na fundi cherehani. Alichagua kufokewa yeye kuliko mtu wa watu apate ajali. Na wewe ukamfokea kweli, ukachukua kalamu ya wino mzito ukaandika KOSA LA MAMA, ukaitundika ukutani, na kwa miaka mitatu kila asubuhi ukamtuma aishushe.

Sitamsafisha naye kupita kiasi. Miaka mitatu ni mingi mno kutembea na ukweli kwenye pochi, na tabasamu lake limekusaidia kubaki kipofu. Hilo nitamwambia yeye akiniandikia. Wiki hii umeandika wewe.

Kilichomtoa karakana si kwamba ulijipa sifa. Angekuwa mtu wa sifa angezidai zamani. Ni kule kusema ulikuwa unaoga. Kosa alikuwa amekubali kulibeba, maana kosa angalau lilikuwa na jina lake. Siku ile ukumbini ukamnyang'anya hata hilo kosa. Na alipokuambia "Basi chora wa pili", wewe ulisikia kijembe. Mimi nimesikia mlango ulioachwa wazi kidogo, useme siwezi, njoo. Hukusema. Ukaingia ndani ukalala, na kesho yake ukaanza kumwaga maji sakafuni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni ile cherehani unayoisikia dirishani.

Basi sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu huu, usianze na mwisho kwa sababu mwisho una kipaza sauti.

Shemeji mrudishe nyumbani kwake leo, mshukuru, mpe pole. Usimtume kwa dada yake kukuombea msamaha, kinywa unacho na kinafanya kazi kuliko kawaida. Ukishabaki peke yako karakana, ishushe ile kalibu kutoka ukutani, igeuze, chukua msasa wako bora, ufute yale maandishi. Usipake rangi juu. Futa mpaka ukipitisha kidole usisikie herufi hata moja. Itakuchukua muda, na huo muda unakufaa.

Kisha nenda nyumbani, mchana, ukae kwenye kile kiti wanachokalia wateja wake pale dirishani. Usimwambie "kama nilikukosea nisamehe", hiyo "kama" iache mlangoni na viatu. Wala usimuulize eti ni kweli ulibuni, maana utakuwa umemweka kizimbani mtu aliyekuokoa. Muulize swali moja tu: "Uliuchoraje?" Halafu unyamaze. Najua kunyamaza kwako ni kazi ngumu kuliko kubeba injini, ila jitahidi. Atakapoanza kueleza, na ataeleza, kwa sababu hakuna fundi duniani anayekataa kuulizwa alifanyaje, sikiliza mpaka mwisho, na kama kuna usichokielewa uliza kama unavyomuuliza fundi mwenzako. Ukitaka kufanya mzaha, tafuna ulimi.

Habari ya kumvimbisha kichwa ondoa wasiwasi. Kama kichwa chake kingekuwa cha kuvimba kingevimba miaka mitatu iliyopita, mabonde mawili yalipogeuza shingo za mji mzima. Kichwa kilichovimba nakijua, kimeniandikia barua.

Mkunjo wa pili usimwombe. Mkaribishe tu karakana, mwekee karatasi safi na chaki mpya, na kuanzia siku hiyo ubunifu usiwe upande wako peke yako wa mpaka. Akitaka kuchora, vizuri, wewe utauchonga na kuupiga msasa kwa mikono yako ya miaka kumi na tisa, na klabu itapata kitu ambacho hakuna kati yenu angeweza kukifanya peke yake. Akisema hataki, anashona, ni haki yake, na utakwenda kumwambia mwenyekiti kwamba wa pili haupo. Hutakufa. Foleni itapungua mtu mmoja wawili, itarudi.

Lakini ukumbini mtakwenda wote, awe amechora au hajachora. Usimkalishe safu ya tatu. Ukipewa kipaza sauti, sema sentensi mbili, nimekuandikia hapa uzikariri: "Mkunjo aliubuni mke wangu. Mimi nilikuwa naoga." Watu watacheka, na utakuwa mzaha wa kwanza katika habari hii nzima ambao kwao umejitania mwenyewe. Jina la Mzee wa Mkunjo litakutoka, hilo ni kweli, na litauma kwa wiki. Ulikuwa fundi kabla ya hilo jina na utabaki fundi.

Limebaki jambo moja. Ile kalibu ukishaifuta, nyuma yake itakuwa tupu, na wewe nakujua sasa, mkono utakuwasha uandike jina jipya, zuri, la kumsifu. Usiandike kitu. Unapokwenda pale dirishani weka kalamu ya wino mzito mfukoni, na siku atakayorudi karakana kwa miguu yake mwenyewe, mkabidhi aiandike yeye. Na akiandika "Boneti si gauni", uitundike ukutani hivyohivyo, na msasa uuache ulipo.

Mshauri wako